Kibuyu chirizi, usafi wa ufuo au upandaji miti: mradi upi unamfaa mtoto wa Gredi ya 1 hadi 3?

Tangu mtaala unaozingatia umilisi uanze kutumika kote nchini Januari 2019, shule za msingi za Kenya zinatarajiwa kumpa mwanafunzi kazi inayowafaa watu wengine nje ya darasa lake. Mafunzo ya huduma kwa jamii, ndivyo yanavyoitwa. Katika shule ya upili ya juu ni somo la lazima. Kwa watoto wadogo hayana kipindi chake. Yameingizwa ndani ya Shughuli za Mazingira na masomo mengine, na mwalimu ndiye anayeamua yafanyike vipi. Kisumu na kaunti za jirani, uamuzi huo mara nyingi huangukia kazi moja kati ya tatu: kuokota taka ufuoni au sokoni, kupanda miti, au kutengeneza vibuyu chirizi, yaani mitungi ya maji inayoning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu ili kunawia mikono.

Tumezitathmini zote tatu kama mnunuzi anavyokagua bidhaa kabla ya kutoa pesa: zinahitaji nini, zinaharibikia wapi, na muhula ukiisha mtoto amebaki na nini. Alama ni zile zile nne ambazo walimu huwapa wanafunzi: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio.

Kwanza kipimo chenyewe. Kufagia darasa na kuokota karatasi uwanjani ni kazi za kila siku shuleni, na bado kuna shule zinazozitoa kama adhabu kwa waliochelewa. Mtoto aliyelelewa hivyo ukimkabidhi ufagio anajiuliza amekosa nini. Huduma huwa somo pale mtoto anapoiona shida kwa macho yake, akamsikiliza mwenye shida, akatenda, kisha akarudi kuangalia kama alichokifanya kimesaidia. Hatua ya kurudi ndiyo hukatwa kwanza ratiba ikibana, kwa hiyo tumeipa uzito kuliko nyingine zote. Mradi unaokwisha siku ile ile ulioanza tumeuhesabu kuwa matembezi.

Usafi wa ufuo na soko: chini ya matarajio, jinsi unavyofanywa kwa kawaida

Tarehe huwa ni 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Basi linajaa, watoto wanashushwa Dunga au ufuo mwingine wa Ziwa Viktoria, wanaokota chupa kwa saa moja, wanapigwa picha na gunia lililojaa, wanarudi. Wiki inayofuata taka zimerudi pale pale kwa sababu hakuna aliyeuliza zinatoka wapi. Mtoto wa miaka saba akirudi na kuona hivyo anajifunza kwamba kusafisha hakusaidii, na hilo ni somo baya kuliko kutofundishwa kabisa.

Kuna hatari ambazo hazina mjadala. Maji ya kina kifupi yenye majani, pale hasa magugu maji yanapokusanyika, ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Vijidudu vyake hupenya hata ngozi isiyo na jeraha, havingojei kidonda. Mtoto asikanyage maji hata kwa dakika moja, na asipewe kazi ya kuvuta magugu. Mstari wa kamba uwekwe mchangani, mita tano kutoka majini, na mtu mzima asimame upande wa ziwa akiwatazama watoto. Dunga kuna viboko pia. Asubuhi na mapema si saa ya kupeleka darasa huko.

Glovu ni tatizo la pili. Zinazouzwa madukani nyingi ni za mikono ya watu wazima. Zinamvuka mtoto vidole, anazivua, anaendelea kwa mikono mitupu. Afadhali mtoto atumie vijiti viwili au kibano cha mbao kirefu kama mkono wake, na mtu mzima awe ametangulia kupita eneo zima kuondoa vioo, sindano, nyembe na nepi. Kama eneo ni chafu kiasi kwamba mtu mzima hawezi kulimaliza kwa nusu saa, basi halimfai mtoto wa Gredi ya 2.

Mradi huu unaokoleka ukipunguzwa. Chukua kipande cha hatua 10 kwa 10, karibu na lango la shule au pembeni mwa soko la mtaa, wala hakuna haja ya basi. Kundi la watoto sita wanaokota kila Jumatano, wiki nne mfululizo, kipande kile kile. Taka zinatandazwa juu ya gunia na kugawanywa kwa aina: chupa za plastiki, vifuniko, karatasi za peremende na biskuti, mabaki ya vyakula, vitambaa. Kila aina inahesabiwa na kuchorwa. Wiki ya tatu jibu huonekana lenyewe: kama karatasi za peremende ndizo nyingi, chanzo ni watoto wenyewe na kioski kilicho langoni. Wanaenda kwa mwenye kioski na mchoro wao, wanamwomba aweke debe mlangoni, na wiki ya nne wanahesabu tena. Kama kipande kiko ufuoni, wa kuonyeshwa mchoro ni viongozi wa kamati ya usimamizi wa ufuo, kwa maana wao ndio wenye usemi juu ya wavuvi na wachuuzi wa pale.

Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Kwa hiyo kugawanya huko ni jambo ambalo watu wazima wenyewe wanadaiwa. Kitu kimoja kisifanywe kamwe: kuchoma plastiki nyuma ya darasa ili ionekane kazi imekwisha. Chupa ziuzwe kwa wanunuzi wa kilo, kilichobaki kiende kwa wazoa taka. Ukifanywa hivi, mradi unafikia matarajio.

Kupanda miti: kukaribia matarajio

Hapa tutakuwa wafupi, maana kasoro yake inajulikana na kila mwenye mbuzi. Mvua za masika huanza Machi, miche inapandwa mwishoni mwa Machi, shule inafungwa Aprili, mbuzi wanaingia. Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032 na shule zinahimizwa kuchangia, kwa hiyo hesabu inayotangazwa huwa ya miche iliyopandwa. Mtoto ahesabu iliyo hai baada ya miezi mitatu.

Kwa umri huu mti wenyewe una tatizo la muda. Parachichi lililooteshwa kwa kokwa laweza kukaa miaka mitano au zaidi bila tunda. Mtoto atakuwa ameshaondoka shuleni. Papai huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na mtoto aliyelipanda akiwa Gredi ya 2 atalila akiwa Gredi ya 3. Mboga za kienyeji ni bora zaidi. Kunde huchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, na managu, mrenda na saga hazichelewi sana. Bustani ya gunia moja kwa bibi anayeishi karibu na shule, iliyopandwa na kumwagiliwa na watoto wanane, inampa mtoto kila kitu ambacho mche wa mkaratusi unampa, tena kabla muhula haujaisha. Shule ikishikilia miti, basi kila mche uwe na watoto wawili waliotajwa kwa majina kuwa ni wao, ua wa miiba, matandazo ya nyasi yasiyogusa shina, na mtu mzima aliyekubali kwa kinywa chake kuutunza wakati wa likizo.

Kibuyu chirizi: kuzidi matarajio

Huu ndio mradi tunaoupendekeza bila kusita. Sababu ni ya ajabu kidogo: huharibika upesi. Kamba ikikatika Jumanne, Jumatano kila mtu anaona. Maji yakiisha, mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anatoka chooni hana pa kunawa, na wa Gredi ya 3 anayehusika anamwona. Hakuna haja ya kungoja miaka ili kujua kama uliwajibika.

Wa kuhudumiwa wawe watoto wa chekechea walio katika uwanja huo huo. Shule nyingi za umma zina madarasa ya PP1 na PP2 ndani ya ua wao, na kwa mtoto wa miaka minane jamii inaanza kwa mdogo wake aliye mlango wa tatu. Mwalimu wa darasa asisahau kwamba chekechea ziko chini ya serikali ya kaunti. Mwenzake wa PP1 aombwe mapema na kwa heshima, asipewe taarifa siku ya kuchimba mashimo.

Vifaa vya kibuyu kimoja: mtungi wa plastiki wa lita 5 wenye mpini, ule wa mafuta ya kupikia uliooshwa kwa maji moto na sabuni, nguzo mbili zenye panda juu, kila moja mita 1.5, fito moja ya mita 1 ya kupitisha katika mpini, kijiti cha kukanyagia cha sentimita 60, kamba ya nailoni ya mita 2, msumari wa inchi 3, ndoo mbili za kokoto, chupa ya nusu lita ya maji ya sabuni. Mtungi usiwe wa dawa ya mifugo wala ya kunyunyizia mimea, hata ukioshwa mara kumi. Mzazi asiombwe kununua chochote. Mradi unaowatuma wazazi madukani usiku umeshawahamishia wao kazi ya mtoto.

Vipimo hivi ni vya watoto wadogo, na hapo ndipo vibuyu vingi hukosea: hutengenezwa kwa kimo cha mwalimu. Nguzo zichimbiwe sentimita 50, zibaki mita 1 juu ya ardhi, zikiachana sentimita 70. Mtungi ukining'inia, tundu lake liwe kama sentimita 75 kutoka chini, usawa wa kiuno cha mtoto wa chekechea au juu yake kidogo. Likiwa juu zaidi, maji hutiririka hadi kwenye viwiko na mikono ya sweta, na mtoto aliyeloa sweta asubuhi ya baridi hatarudi kunawa.

Tundu litobolewe sentimita 10 hadi 12 chini ya kifuniko, upande wa mbele. Msumari unapashwa moto kwenye jiko la makaa na kushikwa kwa koleo. Kazi hii ni ya mtu mzima peke yake, kama ilivyo kukata nguzo kwa panga. Jaza maji mpaka chini kidogo ya tundu, lita 3 hivi. Mtungi ukiwa wima maji hayatoki. Ukiinamishwa kwa kamba iliyofungwa toka mtungini hadi kijiti cha kukanyagia, yanachirizika. Kwa tundu la ukubwa huo, watoto 40 wananawa kwa mtungi mmoja. Tundu likipanuliwa kwa msumari mnene, 15 wanaumaliza. Toboa pia kitundu cha sindano nyuma, juu kabisa, ili hewa iingie. Bila hicho, na kifuniko kikiwa kimekazwa, maji hutoka kwa kukatika-katika na watoto huanza kuutikisa mtungi mpaka fito ivunjike.

Chini ya mtungi chimbeni shimo la sentimita 30 kila upande, likajazwa kokoto. Msiache dimbwi, eneo la ziwa lina malaria ya kutosha. Katika udongo mweusi wa Kano, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nguzo hulala ubavu baada ya wiki chache, kwa hiyo shimo la nguzo lishindiliwe mawe na mchanga badala ya udongo ule ule. Nakuru, penye udongo mwepesi wa majivu ya volkeno, maji hunywewa haraka na shimo dogo linatosha, lakini nguzo zinahitaji kuingia zaidi, sentimita 60. Kakamega na Vihiga adui ni mchwa. Mkaratusi mbichi unaliwa upesi. Siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, huvumilia vizuri. Kama ni mkaratusi tu unaopatikana, choma sehemu itakayozikwa mpaka iwe nyeusi. Oili chafu ya gari isipakwe mahali watoto wanaposhika.

Sabuni ya kipande iliyofungwa kwa uzi hupendeza kwa picha, lakini kunguru huichukua, mvua huiyeyusha, na mtoto mmoja huiweka mfukoni. Maji ya sabuni yana faida kubwa: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya unga katika nusu lita ya maji, chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, imefungwa nguzoni. Hakuna anayeiba maji ya sabuni. Andikeni au choreni juu ya mtungi alama ya kukataza kunywa, kwa sababu mwenye kiu haulizi.

Ratiba inayofaa ni vipindi nane vya dakika 30 katika wiki tano. Viwili vya kwanza ni vya kuchunguza. Watoto wanakaa mbali kidogo na choo cha chekechea wakati wa mapumziko wakiwa na makopo mawili. Kila mtoto anayetoka akinawa, kokoto moja katika kopo la kwanza. Asiponawa, moja katika la pili. Hakuna jina linalotajwa, na mwalimu alikazie hilo, maana watoto hupenda kushtaki. Makopo yanahesabiwa darasani na kuchorwa kama chati ya picha. Kipindi cha tatu wanamhoji mwalimu wa PP1: maji yanatoka wapi, nani anayabeba, wadogo wanashindwa nini. Jibu hubadilisha mpango mara nyingi. Kama akisema watoto wake hawana nguvu za kukanyaga kijiti, basi kamba ifupishwe na fito ipakwe mafuta kidogo ya kupikia.

Vipindi vitatu ni vya kutengeneza. Gredi ya 1 wabebe kokoto na kuchanganya maji ya sabuni. Gredi ya 2 wachore alama na kupima umbali wa nguzo kwa kamba yenye mafundo. Gredi ya 3 wapime kwa rula, wafunge mafundo na kuandika zamu. Kwa darasa la watoto 50, vibuyu vitatu ndivyo kiwango. Kimoja kinawaacha 40 wakitazama. Viwili vya mwisho ni vya kutafakari, na visichanganywe na sherehe. Maswali matatu yanatosha: nani amefaidika, nani hajafaidika, nini kimeharibika na kwa nini. Waulizwe kwa lugha wanayoiota usiku, Kijaluo au Kiluhya ikibidi. Mtoto anayetafuta maneno ya Kiingereza atajibu "ni vizuri" na kunyamaza.

Kisha zamu. Watoto wawili kila siku, kabla ya kengele ya kwanza na tena baada ya mapumziko, wanakagua vitu vinne: maji, sabuni, kamba, shimo. Karatasi ya miraba inabandikwa mlangoni, wanapaka rangi kilicho sawa na kuacha wazi kisicho sawa. Mwalimu akikuta mraba mtupu asiujaze yeye, wala asimkaripie wa zamu. Awaulize darasa zima maji yaliishaje. Mara nyingi utaona kwamba mtungi wa kuchotea uko katika ofisi iliyofungwa, au kwamba wa zamu ni wale wanaofika kwa matatu na huchelewa. Hayo ni matatizo ya mipango, na watoto wa miaka minane huyatatua: wanahamisha mtungi, wanabadilisha zamu. Wiki ya tano makopo ya kokoto yanarudishwa pale pale na hesabu inafanywa upya.

Udhaifu upo. Shule inayonunua maji kwa mkokoteni itashindwa isipokuwa bodi ya shule ikubali kutenga mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Vibuyu vya barabarani huibiwa kabla ya wiki kuisha, kwa hiyo vya sokoni au kanisani viwe vya kuondolewa jioni na mtu anayejulikana. Na kama mradi unatoka nje ya lango, kuna barua kwa wazazi, mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, na njia isiyovuka barabara kuu.

Picha nazo zina sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na picha ya uso ni mojawapo. Kwa faili ya tathmini, picha ya mikono, ya mtungi na ya karatasi ya zamu inatosha kabisa, tena inaonyesha kazi kuliko uso unaotabasamu.

Shule ikifungwa, mitungi ishushwe na kuhifadhiwa, nguzo zibaki. Siku ya kwanza ya muhula mpya, kabla ya mwalimu kugusa chochote, kundi la zamu lizitikise nguzo, lichunguze mchwa, lipime urefu wa kamba na kuandika orodha ya vinavyohitajika. Mwaka ukianza, orodha hiyo inakabidhiwa wale walioingia Gredi ya 3, na wa Gredi ya 4 wanakaa nao wiki ya kwanza kuwaonyesha jinsi fundo linavyofungwa.